Kutengeneza Retina Katika Jicho Lenye Lenzi ya Bandia

(Yafuatayo ni mazungumzo ya daktari wa macho, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, aliyoyatoa ukumbini siku ya mkutano wetu wa mwaka. Yamechapwa kama alivyoyasoma.)

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya kazi yangu, lakini akaongeza kwamba nizungumze kwa lugha ya watu, siyo ya madaktari. Nitajitahidi.

Kazi yangu ni kupasua macho, hasa sehemu ya nyuma ya jicho iitwayo retina. Leo nitasema habari moja tu ya kazi hiyo, nayo ni shida tunazozikuta tunapotengeneza retina katika jicho lililokwisha kuondolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya bandia. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, nikitazama safu hizi za mbele naona mvi nyingi, na najua kwamba wengi wetu ama tumekwisha kuwekewa lenzi hizo, ama tutawekewa kabla ya miaka mingi kupita. Pili, yupo Mwalimu wetu mmoja aliyepatwa na mkasa huu, naye amenipa ruhusa niueleze kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Waliofundishwa naye Fizikia watamtambua, nami nawaomba wanyamaze.

Ninyi mnaosoma Biolojia mmekwisha kulipasua jicho la ng'ombe maabarani, kama sisi tulivyolipasua. Mnakumbuka kwamba mbele kuna konea, iliyo angavu kama kioo. Nyuma yake kuna mboni, yaani tundu la kupitishia mwanga, na nyuma ya mboni kuna lenzi, imekaa ndani ya kifuko chembamba sana. Nafasi kubwa iliyobaki nyuma ya lenzi imejaa ute mzito kama ute wa yai. Na ukuta wa ndani kabisa umetandikwa utando laini mwembamba, ambao ndio retina. Sisi wa zamani tulifundishwa kwamba jicho ni kama kamera, na retina ndiyo filamu. Vijana wa leo hamjui filamu, lakini maana ni ile ile: picha huangukia hapo. Filamu ikiharibika, lenzi nzuri haisaidii kitu.

Mtoto wa jicho si utando unaoota juu ya jicho, kama wengi wanavyodhani. Ni lenzi yenyewe iliyopoteza uangavu wake ikawa na ukungu. Hakuna dawa ya matone inayoiondoa. Daktari hukifungua kile kifuko kwa mbele, akaitoa lenzi iliyochakaa, akauacha ukuta wa nyuma wa kifuko, kisha ndani yake akaweka lenzi ya bandia.

Lenzi hiyo ina historia ambayo ningependa wanafunzi waisikie. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Uingereza waliletwa hospitali wakiwa na vipande vya plastiki machoni, vilivyotoka katika vifuniko vya ndege zao vilivyovunjwa kwa risasi. Daktari Harold Ridley aliona kwamba vipande vya plastiki ile vilikaa ndani ya jicho bila kulichokoza. Husimuliwa kwamba baadaye mwanafunzi mmoja wa udaktari, alipomtazama akitoa mtoto wa jicho, alimwuliza mbona harudishi lenzi nyingine. Swali likamwingia. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, Ridley aliweka lenzi ya kwanza ya plastiki katika jicho la mtu. Wakubwa wengi wa taaluma walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 2000 alitunukiwa cheo cha Sir, na mwaka uliofuata akafariki. Kwa nchi kama zetu, jambo kubwa lilikuwa bei. Kuanzia mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab huko Madurai, India, kilianza kutengeneza lenzi za bei nafuu, na baadaye hata Asmara nchini Eritrea zikatengenezwa. Hivyo lenzi iliyokuwa mali ya tajiri ikamfikia mkulima.

Natilia mkazo, Ndugu Mwenyekiti, ili mtu asije akatoka hapa na kusema daktari amewakataza watu kutibiwa mtoto wa jicho. La hasha. Ni mojawapo ya matibabu bora kabisa tuliyo nayo, na walio wengi huona vizuri hadi mwisho wa maisha yao. Ninayoyasema leo huwapata wachache: upasuaji ukienda vyema, chini ya mtu mmoja katika kila 100 hubandukwa na retina katika miaka michache inayofuata. Lakini wachache hao wakichelewa, jicho hupotea.

Retina hubandukaje? Ule ute wa ndani, kadiri mtu anavyozeeka, huwa majimaji na kujitenga na ukuta. Pale uliposhikamana sana, huivuta retina na pengine kuichana. Maji hupenya katika mpasuko ule, yakaingia nyuma ya retina na kuibandua, kama rangi ya ukuta inavyobanduka nyumba inapovuja. Lenzi ya asili ni nene, na ile ya bandia ni nyembamba. Kwa hiyo baada ya lenzi kutolewa ute hupata nafasi ya kusogea mbele, nao hujitenga mapema zaidi. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu asiyeona mbali tangu ujana, kwa mwanamume, kwa aliyepasuliwa akiwa bado kijana, na kwa yule ambaye kifuko cha lenzi kilichanika wakati wa upasuaji na ute ukamwagika mbele.

Zamani retina ikibanduka ilikuwa ndiyo basi. Katika miaka ya 1920 Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyewaonyesha wenzake kwamba hapana budi kuutafuta mpasuko na kuuziba, na kwamba bila ya hivyo kazi yote ni bure. Wahenga wetu walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpaka leo kazi yetu yote ni hiyo ya Gonin, vyombo ndivyo vilivyobadilika. Njia ya kwanza ni kushona mkanda wa silikoni kwa nje ya jicho, ili ukuta ubonyezwe ndani ukutane na retina. Njia ya pili, ambayo Robert Machemer aliianzisha huko Miami mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni kuingia ndani ya jicho kwa vyombo vyembamba kama sindano, kuukata na kuunyonya ute unaovuta, kuilaza retina mahali pake, kuuchoma ukingo wa mpasuko kwa leza ili ushikane, kisha kulijaza jicho hewa, gesi au mafuta ya silikoni ili kuishikilia retina mpaka ipone.

Sasa nieleze ni nini hasa kinachotusumbua jicho likiwa na lenzi ya bandia.

Shida ya kwanza ni kuona. Daktari wa retina huchungulia kupitia mboni na lenzi, kama mtu anayechungulia chumba kwa dirisha dogo. Katika jicho lililokwisha kupasuliwa, mara nyingi mboni hukataa kupanuka vizuri. Ukuta wa kifuko ulioachwa huweza kuota ukungu, na mdomo wake wa mbele hujikunja na kuwa duara jeupe. Ukingo wa lenzi nao hupindisha mwanga na kuleta mng'ao. Katikati twaona vizuri. Pembeni kabisa, giza. Na mkosi wenyewe uko hapo hapo, kwa sababu katika macho haya mipasuko mara nyingi huwa midogo sana, pengine zaidi ya mmoja, nayo hukaa pembeni kabisa, karibu na mahali retina inapoanzia. Yaani kile tunachokitafuta kimejificha pale tusipopaona.

Shida ya pili ni ukungu wa ghafla. Wagonjwa wengi, kifuko kikipata ukungu, hutobolewa tundu kwa leza ili waone tena. Ni tiba nzuri. Lakini siku tukiingiza hewa ndani ya jicho hilo, mvuke hutua nyuma ya lenzi, kama kioo cha basi linapopanda mlima asubuhi ya mvua. Daktari yumo katikati ya kazi na ghafla haoni. Hulazimika kuifuta lenzi kwa ncha laini au kuipaka ute maalumu, kisha aendelee haraka. Lenzi zilizotengenezwa kwa silikoni ndizo zinazosumbua zaidi.

Shida ya tatu ni mafuta. Retina iliyoharibika sana huhitaji kushikiliwa na mafuta ya silikoni kwa miezi kadhaa. Mafuta hayo yakiigusa lenzi ya silikoni huigandia, na hata yakitolewa matone hubaki juu yake. Mgonjwa huona kama anatazama kupitia karatasi iliyomwagikiwa na mafuta ya taa. Pengine lenzi yenyewe hulazimika kutolewa. Ndiyo maana mgonjwa ambaye twajua kwamba huenda akahitaji upasuaji wa retina siku za mbele hapaswi kuwekewa lenzi ya aina hiyo. Aina nyingine, zinazonyonya maji, zimewahi kupata ukungu mweupe baada ya kukutana na gesi.

Shida ya nne ni lenzi isiyokaa imara. Kifuko kikiwa kimechanika, gesi huweza kuisukuma lenzi mbele ikabana kwenye mboni, au gesi na mafuta yakapenya hadi mbele ya jicho na kupandisha shinikizo. Pengine lenzi nzima huanguka nyuma ikalala juu ya retina, na daktari huwa na kazi mbili badala ya moja.

Ndugu zangu, haki itendeke: lenzi ya bandia pia ina faida kwetu. Katika jicho lenye lenzi ya asili twaogopa kuigusa, na baada ya kutoa ute mtoto wa jicho hufuata. Penye lenzi ya bandia hofu hiyo haipo, nasi twaweza kuusafisha ute mpaka pembeni. Mwaka 2007 madaktari wa Ulaya walichapisha matokeo ya uchunguzi uliolinganisha mkanda wa nje na njia ya kutoa ute. Katika macho yaliyokwisha kutolewa lenzi ya asili, retina ilishika vizuri zaidi kwa njia ya kutoa ute. Katika macho yenye lenzi ya asili, waliowekewa mkanda ndio walioona vizuri zaidi. Kwa hiyo hakuna dawa moja ya macho yote.

Sasa nirudi kwa Mwalimu. Aliwekewa lenzi katika jicho la kulia, na kazi ilifanywa vizuri kabisa. Alisoma gazeti, alisahihisha vitabu vya wajukuu. Baada ya mwaka mmoja na nusu alianza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho akiwa gizani, na vitu vyeusi vikielea mithili ya nzi. Alidhani lenzi inazoeana na jicho. Mtu mmoja akamshauri matone, akayatumia. Kisha akaona kama pazia jeusi linashuka kutoka juu, kila siku likiongezeka kidogo. Alipanda basi kuja kwangu wiki ya tano. Kufikia hapo, kitovu cha retina, kile tunachosomea, kilikuwa kimekwisha kubanduka. Aliona mkono wangu ukipunga, lakini hakuweza kuhesabu vidole.

Nilimpasua. Mboni yake ilikuwa ndogo na lile duara jeupe la kifuko lilikuwa nene. Nikauona mpasuko mmoja upande wa juu, mkubwa, wa wazi. Nikauzungushia leza, nikaweka gesi. Upande wa chini, kwa nje, sikupaona vizuri. Nilijaribu mara moja, nikajiambia kwamba mpasuko nilioupata watosha kueleza yote. Nikafunga kazi nikiwa nimeridhika.

Wiki ya tatu, gesi ilipokwisha, maji yalirudi kutokea chini. Nilimrudisha mezani. Safari hii niliipanua mboni kwa vikulabu vidogo, nikalikata lile duara jeupe, na msaidizi wangu akaubonyeza ukuta wa jicho kutoka nje, pembe kwa pembe, mpaka tukamaliza mzunguko mzima. Mpasuko wa pili ulikuwepo pale pale nilipopaacha, mdogo kuliko kichwa cha pini. Kufikia hapo makovu yalikuwa yameanza kuikunja retina, nayo ndiyo adui yetu mkubwa. Ilinibidi niyachambue na kuweka mafuta. Bahati nzuri lenzi yake haikuwa ya silikoni. Baada ya miezi kadhaa nikayatoa mafuta, na retina imeshika hadi leo. Lakini kwa jicho hilo Mwalimu husoma vichwa vya habari tu. Habari zenyewe huzisoma kwa jicho la pili.

Nilimweleza ukweli. Nilimwambia, "Mwalimu, sehemu ya kuchelewa ni yako, lakini mpasuko wa pili niliuacha mimi." Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nakumbuka jaribio la timazi, kidato cha tatu. Nilikumbuka. Tulitakiwa kupima mara kumi. Mimi nilipima mara saba, nikaona jibu linakuja sawa, na zile tatu nikazijaza kwa kukokotoa. Alikata ukurasa wote kwa wino mwekundu. Akaniambia, "Mwanangu, umepata jibu kabla ya kumaliza vipimo." Hakusema kwa hasira. Tangu siku ile sifungi jicho lenye lenzi ya bandia kabla sijamaliza duara lote, hata kama mpasuko wa kwanza ni mkubwa kama mlango. Madaktari vijana ninaowafundisha nawasimulia kisa hiki, nacho hukikumbuka kuliko kitabu.

Ndugu Mwenyekiti, naona wanafunzi wameanza kutazama saa. Nimalizie kwa mambo machache ya kubeba nyumbani.

Kwanza, mtu akiona vimulimuli vipya, au nzi wengi weusi kwa ghafla, au pazia likitanda upande mmoja, na aende kwa daktari wa macho siku hiyo au kesho yake, asingoje wiki ijayo. Jicho haliumi retina inapobanduka, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Mpasuko ukipatikana kabla maji hayajaingia, kwa kawaida leza yatosha na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kitovu cha retina kikiwa hakijabanduka, kuna tumaini kubwa la kuona vizuri. Kikibanduka, kila siku inayopita inapunguza tumaini hilo.

Pili, ukiwekewa lenzi omba karatasi inayoonyesha aina yake na nguvu yake, uitunze pamoja na vyeti vyako. Siku daktari mwingine akilifungua jicho lako, karatasi hiyo itamsaidia. Na kama wewe ni mtu usiyeona mbali, au ndugu yako amewahi kubandukwa na retina, mwambie daktari kabla hajaanza, ili aitazame retina kwanza.

Tatu, ukiwekewa gesi jichoni, ulale na ukae kama ulivyoelekezwa, hata kama ni kuinamisha uso siku nzima. Usipande ndege kamwe mpaka daktari aseme gesi imekwisha, kwani angani gesi hutanuka na kuweza kuliua jicho. Hata safari ya basi kutoka pwani kupanda milimani iulizie kwanza. Gesi nyingine hukaa kiasi cha wiki mbili, nyingine miezi miwili. Na ukihitaji kupasuliwa sehemu nyingine ya mwili katika muda huo, mwambie mtoa usingizi, maana moja ya gesi zao huingia jichoni na kuongeza shinikizo.

Nne, nawaambia ninyi vijana. Upasuaji wa retina unafanyika katika hospitali chache tu, na mgonjwa wa kijijini husafiri mbali siku zake za kuokoka zikimwishia njiani. Tunawahitaji mje mshike vyombo hivi. Na kabla hamjafika huko, kazi mnayoweza kuifanya likizo hii ni kumwuliza babu na bibi kama kuna jicho lililoanza kuwa na vimulimuli. Msimwache mzee akajitibu kwa matone ya dukani.

Mwalimu yupo pamoja nasi leo. Asubuhi alinisalimu, akaniuliza kama vipimo vyote vimetimia. Nilimjibu kwamba vimetimia, naye akaniambia tutaonana miezi sita ijayo, kama kawaida.